Daftari la Wiki: Malori Bila Mgeni Rasmi

Vijana wa hapa Mbeya wanataka kuandaa maonyesho ya malori ya dizeli. Mwenyekiti yupo, katibu mwenezi yupo, mgeni rasmi ameshatajwa. Lori hakuna.

Wala siwacheki. Lori la mizigo halina Jumapili. Likilala yadi, tajiri anahesabu hasara, na dereva anayelijua kwa mlio tu si mwenye mali. Kwa hiyo nimewaambia waache kadi za mwaliko, washuke Tunduma. Pale malori yamejipanga yenyewe kungoja kuvuka kwenda Zambia, na madereva wana muda hadi wanachoka nao. Waombe eneo la maegesho, si uwanja wa mpira: kichwa na tela vikikanyaga nyasi za masika, ligi imekwisha. Barua ya polisi na ya Zimamoto itangulie bango. Mashindano yawe ya kazi wanayoijua: kurudisha tela nyuma penye nafasi finyu, kubadili tairi, kufunga turubai. Hayo mawili ya mwisho ni ya utingo, na hapa nitarudia wimbo wangu mniwie radhi: utingo ndiye anayeshuka na jiwe la kuzuia tairi lori likikwama mlima Kitonga, lakini picha zikipigwa hayumo. Zawadi ya kwanza iwe yake, tena fedha taslimu, si cheti.

Wawatafute pia wazee waliopeleka mafuta Zambia baada ya Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia na shehena ya Zambia iliyokuwa ikipita huko ikageuziwa Dar es Salaam. Walipita vumbi na tope. Bomba la TAZAMA, la kupeleka mafuta hayo Zambia, lilikuja 1968. Mmoja wao akishika kipaza sauti, mgeni rasmi apewe soda, akae.

*

Kuna anayetaka shindano la moshi mweusi, kaona Wamarekani kwenye simu. Moshi ule ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia, yaani pesa inayopaa. EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi. Asikilize kwanza, kisha alete hoja.

*

Kuonyesha dizeli si jambo jipya. Paris, 1900: injini ya dizeli ilionyeshwa ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga. Karanga!

*

Agosti 10, 2019, Msamvu, Morogoro. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Lori la tenki lisiingie kwenye maonyesho haya, hata mwenyewe akiapa kuwa ni tupu. Tenki tupu lina mvuke wa mafuta, na mvuke ndio unaolipuka.

*

Shindano la honi saa nane usiku? Hapana.

*

Mwenye Bedford au Leyland iliyoota majani nyuma ya nyumba, tafadhali usiwauzie wa vyuma chakavu mwezi huu. Vijana watakuja kuivuta kwa gharama zao.