Mayai ya Sikukuu na Fungu la Mama



Krismasi na Idd hazichagui nyumba. Katika safu moja ya nyumba za askari, jirani mmoja husherehekea hii na mwenziwe ile, na sinia huvuka kutoka mlango hadi mlango. Juma hili tutengeneze kitafunio cha kutangulia chakula, kinachofaa sikukuu zote mbili: mayai ya kujazwa. Faida yake ni kwamba yai moja huwa vipande viwili. Trei moja ya mayai 30 hutoa vipande 60, na hapo hakuna mgeni wala mtoto wa kurudishwa mikono mitupu.

VINAVYOTAKIWA (vipande 24): Mayai 12, parachichi moja lililoiva barabara, maji ya ndimu moja, majani machache ya dania yaliyokatwakatwa, chumvi na pilipili manga kidogo, karoti moja, pilipili hoho moja ya kijani.

NAMNA YA KUTENGENEZA: Usichague mayai yaliyotagwa leo, kwani ganda lake hung'ang'ania ute na yai likatoka na makovu. Yenye umri wa siku saba hivi humenyeka vizuri zaidi. Litakaloelea majini limekwisha kuwa la zamani, liache. Chemsha maji kwanza, ndipo uyatumbukize mayai taratibu kwa kijiko. Hesabu dakika 12, kisha uyatie katika maji baridi. Yakizidi kukaa motoni, kiini huzungukwa na utepe wa kijani. Haudhuru, ila huharibu sura ya sinia.

Menya, kata kila yai kwa urefu, utoe kiini. Ponda viini pamoja na parachichi, maji ya ndimu, dania, chumvi na pilipili manga mpaka vilainike. Ndimu huzuia parachichi lisigeuke jeusi upesi. Chini ya kila kipande kata ute kidogo sana ili kikae bila kubingirika, kisha ukijaze kwa kijiko cha chai. Kwa Krismasi, pamba kwa nyota ndogo za karoti; kwa Idd, kwa hilali ya pilipili hoho.

Yajaze wageni wakiwa karibu kufika. Yasikae mezani kupita muda wa saa mbili, na penye joto kali, saa moja tu. Pasipo na jokofu, yaliyobaki yasingoje jioni. Askari aliye lindoni asipelekewe haya. Mchemshieni mengine wakati huo huo, apelekewe yangali na joto, katika maganda yake, pamoja na chumvi iliyofungwa katika karatasi.

Sasa lipo neno la mwisho. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji yupi? Hapo zamani, katika Buganda na sehemu nyingine za Uganda, wanawake walikatazwa kula kuku na mayai. Walifuga, wakapika, wakapakua, wala wasionje. Mwiko huo umelegea sana, ila kivuli chake hakijaondoka katika kila jiko: sinia hutoka limejaa, hurudi tupu, na mama husema ameshiba kwa harufu. Yai moja lina protini ipatayo gramu 6, na mama mjamzito au anyonyeshaye anaihitaji kweli kweli, wala si yeye wa kuambulia maganda.

Basi kabla sinia halijatoka jikoni, vitengwe vipande vinne: viwili vya mama, viwili vya binti aliyemsaidia, navyo viliwe papo hapo. Yafaa baba wa nyumba avitenge kwa mkono wake, watoto wakiona, wavulana hasa. Wageni watangoja kidogo. Mayai haya huliwa baridi, hayapoi.