Presha ipimwe na mgonjwa akiwa amesimama

Kliniki nyingi za presha tunafanya hivi: mgonjwa anakaa, anafungwa mkanda, namba inaandikwa kwenye kadi, anaitwa mwingine. Kwa mzee, au mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi, kipimo hicho hakitoshi.

Unaposimama, nusu lita ya damu au zaidi hushukia miguuni na tumboni. Ungeachwa hivyo, ubongo ungepungukiwa damu na ungeanguka. Kinachokuokoa ni mishipa ya fahamu inayojiendesha yenyewe, ile inayosimamia mapigo ya moyo, jasho, tumbo na kibofu bila wewe kuiamuru. Mishipa mikubwa ya damu ya shingoni na kifuani ina vihisio vinavyotambua kuwa presha inashuka. Taarifa inafika kwenye ubongo, na ndani ya sekunde chache moyo unaongeza kasi na mishipa ya damu inajibana. Wewe huna habari, unakwenda zako sokoni.

Kisukari kisichodhibitiwa huiharibu mishipa hiyo ya fahamu polepole. Umri nao huichelewesha. Halafu kuna dawa tunazoandika sisi wenyewe: za kupunguza maji mwilini, za presha, baadhi ya zile za tezi dume na za sonona. Mzee anaamka usiku kwenda chooni, anaona giza, anaanguka, nyonga inavunjika. Nyumbani watasema uzee, wengine watasema karogwa.

Ukiona kizunguzungu kila unaponyanyuka, mwambie daktari hivyo hivyo, kwamba kinakuja ukisimama na kinaisha ukikaa. Omba upimwe baada ya kulala dakika tano, kisha ukiwa umesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, dawa zako zote zipitiwe upya. Foleni ni ndefu, najua. Wauguzi wenzangu wataninunia. Lakini kumuuguza mwenye nyonga iliyovunjika kunachukua miezi.

Usiache dawa kwa uamuzi wako. Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha nyayo dakika moja au mbili, ndipo usimame huku umeshika kitu. Na taa ya njia ya chooni iwe karibu na mkono.