Msiwalaumu Wazazi Ambao Hamkuwaita

"Wazazi hawana mwamko." Kauli hiyo imetolewa tena muhula huu, safari hii kuhusu mpango wa kubadilishana lugha kwa mtandao kati ya wanafunzi wa sekondari moja ya Kagera na wenzao wa upande wa pili wa mpaka, Uganda. Mpango ulifunguliwa kwa hotuba na picha za pamoja, ukazimika kabla ya mitihani. Wanafunzi walipangwa wawiliwawili, huyu wa huku na yule wa kule, watumiane ujumbe wa sauti jioni kwa simu za nyumbani, maana simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni. Kilichofuata angeweza kukitabiri yeyote mwenye mtoto. Baba anasikia saa tatu usiku sauti ya kijana asiyemfahamu ikitoka kwenye simu yake, inamuuliza binti yake kwa Kiingereza anaishi wapi na anapenda nini. Anauliza ni nani huyo. Binti anasema ni kazi ya shule. Barua kutoka shuleni hakuna, namba ya mwalimu hakuna, na kikao cha mwisho cha wazazi kilizungumzia michango ya chakula na madawati, basi. Simu ikachukuliwa, na kwa haki kabisa. Nyumba moja ikafuata nyingine, mpango ukafa, kisha walioubuni wakasema kosa ni la wazazi. Hilo ni tusi, na wazazi wenzangu tusilimeze kimyakimya.

Sababu za wazazi kutoitwa tunazijua sote: walimu wamezidiwa, wafadhili wanataka ripoti na picha, na mzazi huitwa shuleni pale anapodaiwa mchango au mwanawe anapokosa. Tusipoteze muda hapo. Kubwa ni kwamba katika mipango ya aina hii mzazi ndiye mwenye lugha ambayo mtoto wa ng'ambo anaitafuta. Mtaala wa sekondari wa Uganda ulioanza mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili kuwa somo la lazima kwa miaka miwili ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Walimu wa kukifundisha hawatoshi. Kwetu, mtoto wa shule ya serikali anasoma msingi wote kwa Kiswahili, anaingia kidato cha 1 na kukuta biolojia na hesabu vimegeuka Kiingereza. Wengi hunyamaza darasani miaka mizima. Mwenzake wa Masaka au Mbarara anazoea Kiingereza cha shule tangu akiwa mdogo, lakini akiambiwa aombe maji kwa Kiswahili anababaika. Kila mmoja ana anachokikosa mwenzake, na saa za Bukoba na Kampala ni zilezile. Ni shule chache duniani zenye jirani anayefaa namna hii.

Sasa tazameni mpango ulivyoendeshwa. Njia ya watu wawili kufundishana lugha zao, nusu ya muda kwa lugha hii na nusu kwa ile, haikuanzia kwetu. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, Ujerumani, kiliratibu mtandao wa wanafunzi waliofundishana lugha kwa barua pepe, na mwaka 2006 chuo kikuu cha Unesp nchini Brazili kilianzisha mpango wa kufanya hivyo kwa picha na sauti. Ilifaa, kwa sababu washiriki walikuwa watu wazima, wenye kompyuta walizomiliki au walizofunguliwa na chuo, wanaojiamulia mambo yao. Ukiuchukua mpango huo kama ulivyo na kumkabidhi mtoto wa miaka 14 asiye na simu yake, umeng'oa nguzo iliyoushikilia. Mtoto huyo hajiamulii. Simu ni ya mama, bando ni la mama, na chumba anachorekodia ni hicho hicho wanacholala wadogo zake. Mpango uliomruka mama huyo haukuwa na mahali pa kusimama tangu siku ya kwanza.

Na mama huyo ana mengi ya kutoa kuliko kuazimisha simu. Chukueni senene, chakula kinachopendwa Bukoba kama kinavyopendwa Masaka. Mama wa Muleba arekodi dakika mbili za Kiswahili chake cha kila siku: namna anavyowanyonyoa mabawa na miguu, anavyowaosha, anavyowakaanga bila kuongeza mafuta kwa kuwa wana mafuta yao wenyewe, chumvi anaitia lini. Mwanafunzi wa Uganda asikilize, arudie, aandike maswali matatu kwa Kiswahili. Kisha mama yake naye aeleze wao wanafanyaje, kwa Kiingereza kama anakijua, au kwa Kiganda huku mwanawe akimtafsiria. Katika dakika hizo mtoto wa huku amepata Kiingereza cha jikoni ambacho hakimo kitabuni, wa kule amesikia Kiswahili kikisemwa na mtu mwenye jambo la kusema, na wote wawili wamekuwa wakalimani wa wazazi wao. Isitoshe, Kihaya na Kinyankole ni lugha za ukoo mmoja. Bibi wa Bukoba na babu wa Mbarara wanaweza kuelewana bila kumsubiri mtoto.

Kuna jingine linalowahitaji wazazi, nalo ni zito. Uganda, Kiswahili kina kumbukumbu chungu. Tangu mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alikipinga kisiingizwe Buganda, na baadaye watu wengi walikisikia kwanza kutoka kwa askari, hasa zama za Idi Amin. Mzazi aliyeamrishwa kwa Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani hawezi kukipenda kwa sababu tu kimeingia kwenye mtaala. Upande wetu nao, wazee wa Kagera hawajasahau mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka na daraja la Kyaka likalipuliwa. Watoto hawa wawili wanaoambiwa watumiane salamu wanarudi jioni kwenye nyumba zenye kumbukumbu hizo. Neno moja la dharau kutoka kwa mzee wa nyumba linaweza kufuta kazi ya muhula mzima. Sauti ya bibi wa Misenyi akiwaamkia vijana wa Uganda kwa upole, akiwaita wajukuu, inafanya ambalo waraka wa wizara hauwezi.

Najua yatakayosemwa. Watasema wazazi hawana muda. Wana muda wa misiba, harusi na vikoba, kwa sababu huko wanaitwa mapema, wanaheshimiwa na wanajua wanachokwenda kufanya. Watasema wazazi hawajui Kiingereza. Hawahitaji, wanachoombwa ni Kiswahili na maarifa yao, na mzazi asiyejua kusoma anaweza kurekodi sauti sawasawa na aliyesoma. Watasema si kila nyumba ina simu janja, na hapo wana hoja ya kweli. Kwa hiyo watoto wapangwe kwa vikundi vya majirani, simu moja kwa watoto wanne, siku moja ya wiki, chini ya mzazi mmoja anayejulikana. Sauti inakula data kidogo kuliko video, na bando lisigeuzwe mchango wa lazima kwa mlango wa nyuma. Watasema mwisho kwamba wazazi wataingilia kazi ya mwalimu. Alama ni za mwalimu na zibaki kwake. Lakini anayemlinda mtoto saa tatu usiku ni mzazi, awe ameitwa au hajaitwa.

Ulinzi huo una sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayoziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kukusanywa. Kenya, Septemba 2023, shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Basi zile picha za uzinduzi zilizosambazwa, nyuso za watoto wetu zikiwa wazi na jina la shule ubaoni, ziliidhinishwa na nani? Kikundi cha mazungumzo kiwe na mwalimu na mzazi wa kila upande, pasiwe na mawasiliano ya faragha, na fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, isomwe kwa sauti kikaoni, si kupewa mtoto aipeleke isainiwe mlangoni.

Jukumu la kuwashirikisha wazazi haliwezi kubaki kwa mwalimu mkuu peke yake. Kamati na bodi za shule zikatae mpango wowote wa mtandao ambao haujapita kwenye kikao cha wazazi. Viongozi wa dini na wa mitaa wasaidie, kila mmoja kwa nafasi yake. Na sisi tuache tabia ya kukaa nyuma kikaoni tukisubiri kusikia kiasi cha mchango. Tutahitajika hata likizo, maana mihula ya Uganda haifuatani na yetu. Wao hufunga wakati watoto wetu wako darasani, na wetu hupumzika Juni wenzao wakisoma. Kila shule inapofungwa, mlezi wa mpango ni mzazi peke yake. Tusipojipanga, kila likizo itauua.

Mzazi mwenye mtoto kidato cha 1 au cha 2, ndugu yangu, nakusihi: kikao kijacho nyoosha mkono, uliza kama shule ina mpango wa namna hii, nani yuko upande wa pili, na wewe umepangiwa kazi gani ndani yake. Ukijibiwa kwamba huna kazi, usisaini.