Kadi ya Mhandisi katika Banda la Gemu

Juma lililopita tulipokea barua ndefu kutoka Isansa, wilayani Mbozi katika mkoa wa Songwe, iliyoandikwa na kijana mzaliwa wa Wete, Pemba. Msomaji wa visiwani hatashangaa kusikia kwamba mwenzake amefungua biashara mbali na bahari kiasi hicho, kwani ndugu zetu wa Pemba wametandaza maduka yao bara hadi mipakani. Lakini kijana huyu hauzi vitambaa wala vyombo. Ana banda la gemu lenye kompyuta nne za mezani, zote za mtumba, ambamo vijana hulipia nusu saa kucheza mpira au mbio za magari. Msimu wa kahawa, wakulima wakiisha kulipwa, banda hujaa.

Anatueleza kwamba alichukua akiba ya misimu miwili akaenda kununua kadi za grafiki, yaani vile vibao vya elektroniki vinavyoichorea kompyuta picha. Muuzaji alimwekea mbele kadi za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa GeForce GTX 650, kadi ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa ajili ya wacheza gemu. Ya pili ilikuwa Quadro K2000, na akaambiwa kwamba hiyo ni kadi ya kitaalamu, ambayo wahandisi wa ng'ambo huitumia, na kwamba ilipokuwa mpya bei yake ilikuwa mamia ya dola. Muuzaji alitaka kwa hiyo ya pili mara tatu ya bei ya ile ya kwanza. Kijana akanunua mbili za kitaalamu, akarudi Isansa akiwa na furaha. Baada ya siku chache alimtembelea rafiki yake wa Tunduma mwenye kadi ile ya bei nafuu, na gemu ile ile iliyokuwa ikisuasua Isansa ikapita kule kwa wepesi zaidi. Anatuuliza: "Je, nimeibiwa, au ni mimi nisiyejua kuitumia?"

Yumkini wako watakaosema kwamba safu hii ina mambo makubwa zaidi ya kuzungumzia kuliko gemu za vijana. Hatukubaliani nao, ingawa nasi tungependa kuona mabanda hayo yakifungwa saa za masomo. Akiba ya misimu miwili ni mali, na kosa lililomgharimu kijana huyu hufanyika pia katika ofisi ambazo hakuna mtu anayecheza gemu hata moja, kwa fedha ambazo si za mtu binafsi.

Jibu letu kwa kijana ni kwamba muuzaji hakumdanganya juu ya bei. Kadi ya Quadro K2000 ilipoingia sokoni mwaka 2013 ilipangiwa bei ya dola 599 za Marekani. GTX 650 ilitoka mwaka uliotangulia, 2012, kwa dola 109. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara tano. Ambalo muuzaji hakulisema, pengine kwa kuwa naye halijui, ni kwamba kadi hizo mbili ni watoto wa mama mmoja. Zote zimetengenezwa na kampuni ya NVIDIA, na ndani yake mna chipu ile ile, inayoitwa GK107, yenye viini 384 vya kukokotoa. Mafundi wa kampuni walichukua chipu moja wakaivika mavazi mawili.

Tena katika kuivika mavazi hayo, ile ya bei kubwa ilipunguzwa mwendo. Chipu ya GTX 650 huenda kwa megahezi 1058, na ile ya K2000 kwa megahezi 954. Kumbukumbu ya kadi ya kwanza hupitisha gigabaiti 80 kwa sekunde, na ya pili 64. Kwa gemu, ambayo hudai kadi ichore picha nyingi iwezekanavyo katika kila sekunde, hesabu hiyo haina fumbo: kadi ya dola 109 hutangulia, na ile ya dola 599 hufuata nyuma yake. Tofauti hiyo si ya kutisha, na kwa haki lazima tuseme kwamba K2000 ina gigabaiti 2 za kumbukumbu ilhali nyingi za GTX 650 zilikuwa na moja tu, jambo ambalo katika gemu chache huweza kuipa nafuu. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelipa mara tatu ili apate nafuu hiyo. Kwa fedha alizotoa, kijana wetu angeweza kutafuta GTX 750 Ti ya mwaka 2014, yenye viini 640 vya kizazi kipya zaidi, na bado akabakiwa na nauli.

Basi zile dola 490 za ziada zilikuwa za nini? Hili ndilo swali ambalo tungependa maofisa wanaosoma safu hii walitafakari, kwa sababu jibu lake lipo na lina maana. Kadi ya kitaalamu huuzwa pamoja na draiva, yaani programu inayoiongoza kadi, ambayo imepimwa na kuidhinishwa kwa programu za uhandisi kama AutoCAD na SolidWorks. Mchoro wa daraja au wa mashine una maelfu ya mistari myembamba inayopishana, na kazi ya kuichora mistari hiyo bila kutetema ni tofauti na kazi ya kuchora uwanja wa mpira wenye nyasi na vivuli. Draiva za Quadro zililainishwa kwa kazi hiyo ya kwanza. Yapo hata mambo ndani ya SolidWorks ambayo hufunguka tu programu ikiiona kadi ya kitaalamu. Mwendo wa chipu ulipunguzwa makusudi ili kadi isipate joto na iweze kufanya kazi mchana na usiku: K2000 hula wati 51, GTX 650 hula 64. Kadi kubwa zaidi za jamii hiyo zina pia kumbukumbu inayojisahihisha makosa, ambayo ni ya lazima mtu anapokokotoa uimara wa jengo kwa siku nzima na tarakimu moja ikikosewa hasara yake ni zege.

Hatusemi kwamba kampuni inafanya uovu. Mhandisi ambaye programu yake ikizimika anapoteza kazi ya juma zima huilipa bei hiyo kwa hiari. Tunachosema ni kwamba aliyeko Isansa, ambaye hana mchoro wa daraja, alilipia cheti kisichomhusu.

Tumesema kwamba kosa hili liko ofisini pia. Mtu akiandika katika maelezo ya zabuni kwamba kompyuta ziwe na "kadi ya grafiki ya kitaalamu", bila kusema ni za kazi gani, ameandika sentensi inayoongeza gharama bila kuongeza manufaa. Karani anayechapa barua na kujaza majedwali hahitaji kadi ya pekee ya aina yoyote. Kile kidogo kilichomo ndani ya prosesa ya kompyuta yake kinamtosha. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma wa Tanzania Bara hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, nao ni msaada mkubwa katika kuonyesha nani ameuza nini kwa bei gani. Lakini mfumo hauwezi kumwuliza ofisa kwa nini ametaka kadi ya mhandisi katika meza ya mhudumu wa masijala. Swali hilo ni la mkuu wa idara, kabla karatasi haijatiwa saini.

Hata pale ambapo kazi ni nzito kweli, neno "kitaalamu" lisichukuliwe kama fatiha ya kufunga mjadala. Tuchukue mfano wa nyumbani. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuipiga picha Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, kwa ndege ndogo zisizo na rubani, chini ya Kamisheni ya Ardhi, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki katika kuzirusha. Picha za namna hiyo huwa ni maelfu kwa maelfu, na lazima ziunganishwe na kompyuta hadi ziwe ramani moja. Mtu angedhani kwamba hapo ndipo hasa kadi ya bei ya juu inapohitajika. Ukweli ni kwamba programu za kuunganisha picha za angani hufanya kazi vizuri kabisa kwa kadi za gemu zenye nguvu, maana zinadai hesabu nyingi za haraka wala hazidai cheti. Kadhalika rangi za kina zaidi, zinazotumiwa na wahariri wa picha, zamani zilihitaji Quadro. Mwaka 2019 kampuni yenyewe ilizifungua kwa kadi za GeForce. Mambo haya hubadilika, na anayeandika maelezo ya zabuni kwa kunakili ya miaka kumi iliyopita hujikuta analipia ukuta ambao umekwisha kubomolewa.

Turudi kwa wenye mabanda, wa Isansa na wa visiwani. Kompyuta nyingi zinazoshuka katika bandari zetu zimetoka katika maofisi ya Ulaya na Ghuba, na baadhi yake zimekuja na kadi za Quadro ndani. Mtu akipata kompyuta ya namna hiyo kwa bei ya kompyuta tu, asiing'oe kadi akaitupa. Ipo hata hali moja ambapo tungemshauri aitafute. Kompyuta ndogo za ofisi, zile nyembamba, hazina nafasi ya kadi ndefu wala waya wa kuipelekea umeme wa ziada. Quadro P1000 ya mwaka 2017 ni fupi, ina gigabaiti 4, na hula wati 47 tu kutoka katika tundu ilikochomekwa. Chipu yake, GP107, ni ile ile ya GTX 1050 Ti, ila viini vilivyoachwa wazi ni 640 badala ya 768. Ikiuzwa mtumba kwa bei iliyo chini ya 1050 Ti, inunuliwe bila haya. Ikiuzwa juu yake kwa sababu ya jina, iachwe pale pale mezani.

Wala tusimfanye mwenye kadi ya bei nafuu aonekane kuwa amesalimika kwa kila hali. Ziko sokoni kadi za uongo: kadi kuukuu, kama GTS 450 ya mwaka 2010, zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitaje kuwa 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuzifichua nyingi tangu mwaka 2018, na mnunuzi ana haki ya kutaka iendeshwe mbele ya macho yake kabla hajatoa fedha. Muuzaji anayekataa jambo hilo dogo amekwisha kujieleza. Vilevile mnunuzi aulize umri. K2000 na GTX 650 zote ni za kizazi cha Kepler, ambacho kampuni iliacha kukitengenezea draiva za gemu mpya mwaka 2021, na marekebisho ya usalama yakakoma mwaka 2024. Gemu za zamani zitaendelea kuchezeka. Mpya zinazidi kuzikataa.

Tunatoa rai kwa Tume ya Ushindani ya Bara na kwa wenzao wa Zanzibar kwamba wauzaji wa vipuri vya kompyuta vilivyotumika watakiwe kuandika katika risiti jina la chipu na mwaka ilipotoka. Si jambo zito. Muuza gari la mtumba huandika mwaka wa gari, na mnunuzi hulinganisha. Kijana wetu angeona GK107 katika risiti mbili, angeuliza swali moja tu, na akiba yake ingekuwa mfukoni. Kwa sasa amebaki na maneno ya mdomo, ambayo hata mbele ya baraza la kata hayawezi kumsaidia, kwa kuwa kila alichoambiwa kilikuwa kweli.

Katika nyongeza ya barua yake anasema kwamba kadi moja amekwisha kuiuza kwa mchora ramani za nyumba aliyeko Vwawa, ambaye ameipokea kwa furaha na kusema kwamba michoro yake sasa inageuka bila kukwama. Ya pili ingali Isansa, katika kasha lake, juu ya rafu iliyo nyuma ya kaunta, na bei anayoitaka ni ile ile aliyoinunulia.