Je, Kumfundisha Mwanao Nyumbani ni Kosa?

Nchini Ujerumani mzazi amfundishaye mwanawe nyumbani badala ya shuleni huweza kutozwa faini, hata kupokonywa sehemu ya haki ya malezi. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyakataa malalamiko ya wazazi wa huko: eti dola ina haki ya kuzuia jamii zinazojitenga, nao wazazi wafundishe baada ya saa za shule na mwisho wa juma!

Tunauliza: mtoto apimaye unga jikoni na mama yake akajua nusu na robo, kisha akamsomea mdogo wake hadithi, amejitenga na nani? Dola imtahini, kama ifanyavyo Austria kila mwaka. Lakini isimfanye mzazi kuwa mgeni nyumbani kwake.