Ghala Halibishani na Shehena

Juzi, kwenye mjadala wa redio, msomi mmoja aliulizwa wanazuoni wa Kiislamu wa zama za kati waliichangia nini falsafa. Akajibu bila kusita: waliitunza ya Wagiriki, kisha wakawakabidhi Wazungu. Mtangazaji akashukuru, yakafuata matangazo ya sabuni.

Kauli hii imenichosha. Kwa wanaoikariri, Ugiriki ilitoa, Ulaya ikapokea, na katikati palikuwa na ghala.

Ghala gani linalobishana na shehena yake? Al-Razi, tabibu aliyefariki mwaka 925, aliandika kitabu kizima cha shaka juu ya Galen, tabibu wa Kigiriki. Mwanazuoni Ibn al-Haytham akaandika chake cha shaka juu ya mwanafalaki Ptolemy. Wagiriki Euclid na Ptolemy walishikilia kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kugusa vitu. Ibn al-Haytham akakataa: mwanga ndio unaoingia jichoni, na ndiyo sababu ukilikodolea jua macho yanauma. Katika karne ya 13, Ibn al-Nafis alikana fundisho la Galen kwamba damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo, akaeleza kuwa hupitia mapafuni. Ghala halisahihishi hesabu za mwenye mali.

Na hao Wazungu hawakufuata mali ya Wagiriki peke yake. Mtafsiri Gerard wa Cremona alikwenda Toledo, Hispania, katika karne ya 12 akikitafuta kitabu cha Ptolemy, Almagest. Alikitafsiri, akatafsiri pia Kanuni ya Tiba ya Ibn Sina, nayo ikasomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa karne kadhaa. Mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba alifariki mwaka 1198. Mwaka 1270 mwanateolojia Thomas Aquinas alikuwa bado anaandika kitabu kuwapinga wafuasi wa Ibn Rushd, na mwaka 1277 askofu wa Paris alilaani hoja 219, baadhi yake zikihusishwa na wafuasi hao hao. Nani hukesha akijibizana na ghala?

Wapo watakaoniuliza: kama Waislamu walikuwa na akili hivyo, mbona leo wako nyuma? Hii ni hoja ya kijiweni. Kwa kipimo hicho, Aristotle hakuwa mwanafalsafa, kwa kuwa mwaka 2010 Ugiriki iliomba kuokolewa kutoka kwenye madeni.

Tena hao Wagiriki wenyewe walipokea. Ptolemy aliishi Alexandria, Misri, akajenga hesabu zake juu ya kumbukumbu za kupatwa kwa mwezi zilizoandikwa Babeli karne nyingi kabla yake. Sijamsikia msomi yeyote akimwita mtunza stoo wa Babeli. Mgiriki akipokea, anaitwa mvumbuzi. Mwarabu, Mwajemi au Mwafrika akipokea, anaitwa mbeba mzigo. Huo ni ubaguzi, na tunaukariri wenyewe darasani, ambako historia ya fikra inaruka kutoka Athens hadi Galileo kana kwamba dunia ililala katikati.

Kupokea ni kazi ya akili. Anayepokea, akapima, akakataa kilicho kibovu na kuongeza chake, ni mwanafikra sawasawa na aliyempa. Msomi anayetaka kuendelea kuhubiri habari za ghala, kwanza asome vile vitabu viwili vya shaka. Baada ya hapo ndipo arudi redioni.