Ndoa ikivunjika, usikimbilie kununua nyumba

Nataka nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo linawasumbua wananchi wengi, ila halisemwi hadharani kwa sababu ya aibu. Jambo lenyewe ni makazi ya mtu ambaye ndoa yake imevunjika. Je, akapange chumba, au akanunue nyumba?

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya daladala hapa Morogoro. Nikawasikia akina mama wawili wanamshauri mwenzao ambaye bila shaka alikuwa ametoka mahakamani kugawana mali na mumewe. Walimwambia, "Chukua hizo hela ukanunue nyumba kabla hazijaisha, naye aone kuwa hukufa!" Yule dada alikuwa amenyamaza tu, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Nilishuka kituo changu bila kusema neno. Kunyamaza kwangu ndiko kulikonifanya nishike kalamu, kwa sababu ushauri ule ule niliwahi kupewa mimi, na uliniumiza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Niliachana na mume wangu mwaka 2016 baada ya kuishi pamoja miaka 19. Tulipita baraza la usuluhishi kama sheria inavyotaka, ikashindikana, tukaenda mahakamani. Nyumba yetu ilikuwa imeandikwa jina lake peke yake. Mahakama iliamua nyumba ibaki kwake, naye anilipe fungu langu shilingi milioni 18. Siku nilipozipokea hela hizo, ndugu walijaa kuliko siku ya harusi. Kaka yangu alisema kuwa mtu mzima kupanga ni aibu, na kwamba kodi ni hela ya kutupa. Nami moyoni nilitaka jambo moja tu: mume wangu wa zamani apite njiani aone bati langu.

Hazikupita wiki tatu dalali akanipeleka pembeni ya mji kwenye nyumba ya vyumba vitatu, haijapigwa plasta, inauzwa milioni 16. Mwenye nyumba alikuwa mtu mpole, akaniambia mkewe yuko kwao Kilosa anamuuguza mama yake. Sikuuliza zaidi. Tuliandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili, nikalipa milioni 5 za kwanza.

Siku kumi baadaye nilikuwa darasani nikaitwa nje. Nilimkuta mwanamke amebeba mtoto mgongoni. Alinisalimu kwa heshima, kisha akasema: "Mwalimu, nyumba uliyolipia ndiyo ninayolala na wanangu. Mimi sijaachika, wala sijaulizwa."

Ndugu Mhariri, nilikosa la kujibu. Nilikuwa nimetoka kupigania haki yangu katika nyumba isiyokuwa na jina langu, na sasa mimi mwenyewe nilikuwa namtoa mwenzangu katika nyumba isiyokuwa na jina lake. Nilichoweza kusema ni, "Dada yangu, nisamehe." Nilijitoa katika mauzo yale. Kurudishiwa fedha kulichukua miezi kumi, na zilirudi milioni 4. Milioni 1 ilipotea, na ya dalali juu yake.

Ndipo nikaenda kupanga. Hapo napo wananchi wenzangu hatuna budi kuambiana ukweli. Wenye nyumba watatu waliniuliza kwanza, "Mume yuko wapi?" Mmoja alisema wazi kuwa hawapangishi wanawake wasio na waume. Hivi kweli, mwalimu anayewafundisha watoto wenu kusoma hafai kulala chini ya paa lenu kwa sababu ndoa yake imevunjika? Hatimaye mama mmoja mjane alinipokea. Alinipa vyumba viwili kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, nikalipa miezi sita kwa mkupuo, yaani 360,000, na kodi ya mwezi mmoja kwa dalali.

Nilikaa pale miaka miwili. Kodi yote ilikuwa shilingi 1,440,000. Je, hizo nilizitupa? Hapana. Haraka yangu ya siku moja ilinigharimu karibu kiasi hicho hicho bila kunipa hata usiku mmoja wa kulala. Kodi ile ilinipa miaka miwili ya kufikiri.

Na nilikuwa na mengi ya kufikiria. Kwanza, nilikuwa sijui mshahara wangu peke yake unafika tarehe ngapi. Miaka yote 19 ulikuwa ukichanganywa na wa mwenzangu. Nilipobaki mwenyewe niligundua kuwa, baada ya makato ya mkopo, ulikuwa ukiisha tarehe 18. Pili, mwanangu wa kiume alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza upande wa pili wa mji. Kama ningekuwa nimehamia kule pembeni angepanda magari mawili kila asubuhi. Tatu, nilikuwa na hofu ya kuhamishwa kituo cha kazi, na ukihamishwa huwezi kuibeba nyumba kichwani. Mambo hayo matatu nisingeyaona katika wiki zile tatu za hasira.

Fedha zilizobaki niliziweka benki kwenye akaunti ya muda maalumu, nisiweze kuzigusa ovyo. Hilo lilinisaidia sana. Ndugu mmoja alikuja kutaka mtaji wa mashine ya kusaga, mwingine wa kuku, na wote niliwajibu kuwa fedha zimefungwa. Haukuwa uongo.

Kuhusu usemi kwamba kodi ni hela ya kutupa, naomba kila mtu achukue kalamu apige hesabu yake. Ile nyumba ya milioni 16, jirani yake ya namna hiyo hiyo ilikuwa ikipangishwa kwa shilingi 80,000 kwa mwezi, sawa na 960,000 kwa mwaka. Kwa bei ile ningeweza kupanga nyumba kama hiyo zaidi ya miaka 16. Tena mnunuzi alikuwa bado ana kazi ya kupiga plasta, kuvuta maji na kuweka milango. Sisemi kwamba mtu apange maisha yake yote. Kodi hupanda, mwenye nyumba hubadilika, na uzee hauna mshahara. Nasema kwamba baada ya ndoa kuvunjika nyumba ya kupanga ni daraja. Hakuna anayejenga juu ya daraja, lakini pia hakuna mwenye akili anayelikataa daraja akajitosa mtoni.

Sasa nigusie sheria, maana wengi wetu tunaijua sheria siku tuliyokwisha kuumia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema, katika kifungu cha 59, kwamba mume au mke hawezi kuuza, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Kwa hiyo yule mama aliyenijia shuleni alikuwa na sheria mkononi, ingawa hakuijua kwa namba. Kifungu cha 60 kinasema kuwa mali iliyoandikwa majina ya wote wawili itachukuliwa kuwa haki zao ni sawa, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Na kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja.

Kuna watu bado wanasema mke asiyekuwa na mshahara hana chake. Mahakama ya Rufani ilikwisha lijibu hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini wasomaji wengi hawajui mwisho wa shauri lile. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa sababu mahakama iliona kuwa fedha ambazo mumewe alikuwa amempa kwa ajili ya maendeleo ya familia alizitapanya. Akina mama wote wa nchi hii walipata haki kupitia kwake, naye akatoka mikono mitupu. Kila nikilikumbuka shauri lile najiambia kwamba kupata haki ni jambo moja, na kuitunza ni jambo jingine.

Je, wakati gani mtu aliyeachana na mwenzake anunue? Kwa maoni yangu anunue akiwa na majibu ya maswali haya. Je, mwaka mzima umepita tangu mambo yaishe? Je, unajua utafanya kazi wapi na watoto watasoma wapi? Je, ukishalipa utabaki na akiba ya kula na kutibiwa, au utaanza kukopa mshahara kabla hujaweka dirisha? Je, karatasi ya muuzaji ina jina lake, na umekwenda ofisi ya ardhi kuhakikisha? Je, mwenzi wake yuko wapi, na ameridhia kwa sahihi yake? Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu nyumba nyingi zinazouzwa haraka haraka zinatoka katika ugomvi wa nyumbani. Usitoke katika ugomvi wako ukanunua wa mwenzako.

Mikopo ya nyumba ipo, hasa tangu itungwe sheria ya mwaka 2008 juu ya mikopo hiyo. Lakini benki hutaka hati, na nyumba nyingi za pembeni mwa miji hazina hati. Anayekopa kwa mshahara wa mtu mmoja afikirie mara mbili, maana deni halijui kama umeachika.

Akina baba nao wasidhani kuwa barua hii haiwahusu. Nawafahamu walimu wenzangu wa kiume walioondoka nyumbani na begi moja, wakaona kupanga chumba kimoja ni kushushwa hadhi. Mmoja alianza kujenga kwa mkopo ili apate mahali pa kumweka mke mwingine, akaishia kwenye msingi, na sasa msingi umeota majani na mkopo bado unakatwa. Hasira hasara, na hasira haichagui mwanamume wala mwanamke.

Kabla sijamaliza ninayo maombi matatu kwa wahusika. La kwanza ni kwa viongozi wa mitaa na mawakili. Tafadhali msishuhudie mauzo ya nyumba ya mtu mwenye ndoa mpaka mwenzi wake awe amefika mwenyewe na kukubali. Swali moja tu, "Mama watoto yuko wapi?" au "Baba watoto yuko wapi?", lingeniokolea milioni moja na kumwokolea yule mama machozi. La pili ni kwa wenye nyumba. Pokeeni kodi ya miezi mitatu pale inapowezekana, na acheni kumnyima mtu chumba kwa sababu hana mume. Mtu anayetoka katika ndoa iliyovunjika ndiye anayehitaji chumba haraka, na ndiye asiyekuwa na kodi ya mwaka mzima mfukoni. La tatu ni kwa wale ambao ndoa zao ni nzima. Andikeni majina yenu wote wawili kwenye karatasi za kiwanja leo, mkiwa mnacheka. Kufanya hivyo si kuombeana mabaya. Mbona tunafunga mlango usiku na hatusemi kuwa tunamwita mwizi?

Mimi nilinunua kiwanja kilichopimwa mwaka 2019, baada ya kwenda ofisi ya ardhi mara nne. Nilijenga vyumba viwili na choo, kidogo kidogo, nikahamia mwaka 2021. Mama mwenye nyumba wangu alinisindikiza na kunipa kuku jike wa kufuga. Nyumba yangu haionekani kutoka barabarani, kwa hiyo mume wangu wa zamani sidhani kama amewahi kuliona bati langu. Nilipokuwa nanunua kiwanja kile nilitambua kuwa nilikuwa nimeacha siku nyingi kufikiri kama ataliona, na hapo nikajua kuwa wakati wangu wa kununua ulikuwa umefika.

Kwa yule dada wa kwenye daladala: ikiwa unasoma gazeti hili, samahani kwa kunyamaza siku ile. Kapange kwanza, dada yangu. Hizo hela ziweke mahali ambapo hata wewe mwenyewe huwezi kuzifikia ukiwa na hasira.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Morogoro.